Ndugu wa Mudomo Mmoja

Maman Bibiane alikuwa ameshika kikombe cha chai Colombe alipomwambia. Hakukiangusha. Alikiweka taratibu juu ya kifuniko cha akwariamu, kioo chake cha kufugia samaki, kisha akauliza kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Umesema ndugu namna gani?"

"Ndugu ya tumbo moya, maman. Wote. Wa hapa kwako Nyalukemba, wa Kadutu, wa Panzi, wa pale restaurant. Nilikata kipande kidogo ya pezi kwa kila nyumba, unakumbuka? Majibu ya labo ilifika. Wanasema ni kama samaki ya nyumba moya tu."

"Na wanazaana."

"Wanazaana."

"Ndugu na dada yake."

Colombe, ambaye ni assistante, yaani mhadhiri msaidizi, wa biolojia, aliitikia kwa kichwa. Mimi ni jirani tu, huku Nyalukemba mjini Bukavu, nilikuwa nimekuja kumfungia maman waya wa pampu ya hewa kwenye betri ya gari, maana umeme ulikuwa umekatika tena. Nikabaki na waya mkononi.

Ili uelewe jinsi neno lile lilivyompiga, lazima ujue Maman Bibiane ni nani katika shirika letu, hii jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa. Kabla ndoa haijatangazwa kanisani, yeye ndiye anayetumwa kwenda kuuliza habari za damu. Anaketi kwa wazazi wa pande zote mbili, anauliza bibi alitoka wapi, babu alioa wapi, nani alilelewa na nani. Aliwahi kusimamisha harusi ambayo mbuzi walikuwa wameshafungwa uani, kwa sababu aligundua kwamba bibi wa kijana na bibi wa msichana walikuwa watoto wa mtu mmoja. Watu walimtukana. Yeye akarudi nyumbani akalala usingizi mzuri.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya vioo vyake, samaki wakipita huku na huku mbele ya uso wake.

"Yesu wangu," alisema. "Na mimi njo, mimi mwenyewe, nilikuwa padri wao wa ndoa."

Bibiane alizaliwa Luvungi, kwenye bonde la Ruzizi, ambako baba yake alilima mpunga. Mama yake, Eulalie, alitoka Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, kwenye ghuba ndogo yenye mawe meusi, na hakuzoea joto la bonde hata siku moja. Watoto walikuwa watatu: Josué, Élie, na yeye wa mwisho. Vita ilipoingia bondeni, baba alikuwa ameshazikwa. Mbele ya nyumba yao barabara ilikuwa na pande mbili tu. Upande mmoja ulipanda milima kuja Bukavu, wa pili ulishuka kwenda Uvira, na pande zote mbili zilijaa watu waliobeba magodoro. Mama Eulalie alisimama katikati ya barabara, akawagawanya watoto wake. Wavulana wawili aliwapa baba yao mdogo washuke naye Uvira. Bibiane alishikwa mkono na mama mwenyewe, wakapanda.

Wavulana hawakuonekana tena. Hakuna kaburi, wala mtu aliyewahi kusema aliwaona mahali fulani.

Mama na binti walifika Idjwi, wakaishi kwa mananasi na kahawa ya ndugu. Mara moja tu Bibiane aliuliza. Mama alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua kichwa, akajibu, "Nilitaka moya abakie." Basi. Msichana akaelewa alivyoelewa: mama alitaka mmoja abaki naye, wa kumchotea maji na kumzika, na huyo mmoja akamchagua yeye. Wengine wakaachiwa barabara. Neno hilo lilimkaa kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama. Alipokuwa mkubwa akaja mjini, na hata alipokuwa anarudi kisiwani na sukari na chumvi, hakuuliza tena. Mama akafa bila kuulizwa.

Mjini alifanya kazi za nyumbani kwa mhandisi mmoja mgeni aliyependa kufuga samaki wa mapambo. Siku ambayo wageni waliamriwa kuondoka haraka, kila mfanyakazi aliachiwa kitu: huyu jiko, yule kitanda. Bibiane aliachiwa sanduku la vioo lenye maji na hakuna samaki. Wenzake walimcheka sana. Akamwaga maji, akalibeba kwenye pikipiki hadi Nyalukemba, akalijaza tena sebuleni, likakaa hivyo hivyo, maji matupu.

Alipokwenda Idjwi kumzika mama yake, alikaa kwenye yale mawe meusi ya ghuba kwa sababu hakutaka kukaa na watu. Chini ya maji akaona visamaki. Kila mmoja alikuwa na mstari mweusi unaoshuka chini ya jicho, kama chozi. Alivua kitenge chake cha juu, akakitumbukiza, akapata dume mmoja na majike wachache, akawatia kwenye bidon ya manjano, dumu la maji. Hakuwa na mpango wowote. Aliniambia alitaka tu kitu cha ghuba ile kiwe pamoja naye sebuleni.

Samaki wale ni wa ajabu kwa jambo moja. Jike akitaga, anayaokota mayai yote kwa mdomo na kuyashika humo mpaka yaanguliwe, na hata vitoto vikishaogelea, hatari ikitokea vinarudi mdomoni. Wakati huo hali chakula. Bibiane alipoona hilo mara ya kwanza alilia. Alimwona mama ambaye hamwachi hata mtoto mmoja nyuma.

Kuanzia hapo akaweka sheria yake. Samaki wake hawakutolewa mmoja mmoja, walitolewa kwa mudomo. Ukitaka samaki, unapewa vitoto vyote vilivyotoka katika mdomo wa mama mmoja, ndani ya mfuko mmoja, kwenda nyumba moja. Mji mzima ukajifunza kusema hivyo: nipe mudomo moya, nipe midomo mbili. Papa Mardochée, kinyozi wa Kadutu, alijaribu kupata watatu tu kwa ajili ya akwariamu ndogo ya saluni yake.

"Uchukue mudomo yote ao uache," Bibiane alimwambia.

"Maman, kioo yangu ni kadogo."

"Uongeze kioo."

"Mimi ninyoe watu ao nichunge samaki?"

"Ndugu hawagawanywe, Papa Mardochée. Si kwangu."

Mardochée aliongeza kioo, akilalamika mpaka kwa fundi. Baada ya hapo alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba ana samaki ambao walikuja na ukoo wao mzima, na kwamba bado anasubiri wamletee shemeji zao.

Jina la samaki pia lilizaliwa Nyalukemba. Katika kila uzao Bibiane alibakiza dume aliyeng'aa kuliko wengine, wa zambarau kali, kwa sababu huyo ndiye watu walisimama kumtazama. Miaka ikapita, zambarau ikazidi, mpaka jirani mmoja akasema dume lile limevaa mshipi wa askofu. Likaitwa Monsenyeri, kama askofu anavyoitwa kwetu. Majike, kwa kuwa ni ya kijivu na yanatulia, yakaitwa masista. Padri wa parokia alipokuja kubariki nyumba, akasikia majina hayo, akaona pia kinachoendelea nyuma ya jiwe, alicheka mpaka akavua miwani. "Maman Bibiane," alisema, "hii mambo ya Monsenyeri na masista ibakie hapa hapa Nyalukemba."

Monsenyeri akaenea. Alikuwa saluni, dispensari, sebule za watu wa ofisi, mapokezi ya hoteli. Nyumba ikipoteza samaki, ilikwenda kwa nyumba jirani kuomba mudomo. Samaki wa Bibiane mwenyewe wakipungua, Mardochée alimrudishia mudomo mmoja. Wote walifikiri wanaongeza damu, kumbe mji mzima ulikuwa unabadilishana watoto wa baba mmoja.

Dalili zilikuwepo. Vilianza kuzaliwa visamaki visivyo na kifuniko cha shavu, mashavu mekundu yakionekana wazi kama jeraha. Vingine vilikuwa na kibiongo. Majike waliokuwa wakitema vitoto mpaka maji yanakuwa meusi, sasa walitema vichache. Bibiane alibadilisha maji, akabadilisha chakula, akamsingizia muuza pampu. Kisha, msimu wa mvua uliopita, ukaja ule ugonjwa wa vidoa vyeupe ambao watu huuita ugonjwa wa chumvi. Ugonjwa huo kwa kawaida unachukua hawa na kuacha wale. Huku kwetu uliingia nyumba baada ya nyumba, na ulipoingia haukuchagua; kwa Bibiane na nyumba nyingine chache tu haukufika. Saluni ya Mardochée ilibaki na maji na majani. Walikufa kama familia iliyokula sufuria moja yenye sumu. Hilo ndilo lililomfanya Colombe aje na mkasi wake mdogo na vichupa vya spiriti ya kuhifadhia.

Colombe alijaribu kueleza. Kila kiumbe, alisema, anapokea maagizo ya mwili mara mbili, ya baba na ya mama. Agizo la baba likiwa bovu, la mama linaweza kuokoa. Na katika kundi kubwa kila mmoja anabeba maagizo yake tofauti, kwa hiyo ugonjwa unaomuua huyu unashindwa na yule. "Kwa samaki yako, maman, karibu kila mahali agizo ya baba na ya mama ni ile ile. Kama kuna kosa, iko mara mbili. Na kila mutu iko nayo. Ugonjwa ukipata ufunguo ya nyumba moya, umepata ya nyumba zote."

"Na ile mudomo," Bibiane alisema.

"Mudomo njo ilifunga kabisa. Kama ungekuwa unachanganya watoto ya mama mbalimbali, huyu hapa, huyu kule, tungepata muda. Lakini ulipeleka ndugu watupu kwa kila nyumba, na wakakosa wengine wa kuoa."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu namna ile. Kitu alichokifanya kwa upendo wote aliokuwa nao, sheria yake moja, ndicho kilichowaua.

Na jambo baya zaidi lilikuwa bado mbele. Wiki ile ile tulikuwa tunatakiwa kwenda Idjwi kuwarudisha Monsenyeri ziwani.

Hapa hasira inanishika, na sitaificha. Mwaka mmoja kabla, vijana wa ONG moja, shirika lisilo la serikali, kutoka mjini walikwenda kwenye ghuba ya mama Eulalie na fulana mpya na kamera inayoruka. Walizunguka ufukweni na picha ya Monsenyeri kwenye simu, picha iliyopigwa sebuleni mwa Bibiane, wakiwauliza wavuvi, "Huyu Monsenyeri iko hapa?" Wavuvi walisema hapana. Vijana walilala usiku mmoja, wakala samaki wa kukaanga, wakarudi. Baada ya muda redio ikatangaza kwamba Monsenyeri ametoweka Idjwi kwa sababu ya vyandarua vya mbu vinavyotumiwa kuvulia, na kwamba wa mwisho duniani wako ndani ya vioo vya Bukavu. Hakuna hata mmoja wao aliyeinua jiwe.

Bibiane alisikia habari hiyo akiwa anakaanga ndizi. Akazima moto. Tangu siku hiyo alikuwa na kazi moja tu duniani: kuirudishia ghuba ya mama yake samaki aliowachukua. Alizungumza na binamu yake Télesphore, mtoto wa kaka ya mama Eulalie, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya wavuvi kule. Télesphore alipigania jambo hilo mpaka vyandarua vikapigwa marufuku ghubani. Siku ikapangwa. Katekista akatayarisha sala. Na sasa Colombe alikuwa anasema samaki wenyewe ni wagonjwa kwa damu.

"Tusiende," Colombe alisema.

"Tutaenda."

"Maman, hawatadumu."

"Pale iko nini sasa? Hakuna kitu. Sema wewe mwenye ulisoma: ndugu watupu na hakuna kitu, gani ni muzuri?"

"Kama kweli hakuna kitu," Colombe alisema, "basi ndugu watupu ni afazali. Lakini kwanza nitaangalia chini ya mawe. Mimi mwenyewe."

Kwenye boti abiria mmoja alizitazama bidon zetu za manjano. "Maman, unapeleka maji Idjwi? Ziwa yote ile iko pale, haikutoshe?"

"Napeleka askofu," Bibiane alisema bila kucheka. Yule bwana akatusogelea kwa heshima kidogo.

Ghubani watu walikuwa wameshajaa. Akina mama wa kwaya walikuwa na vitenge vya aina moja, na sufuria zilikuwa motoni nyuma ya nyumba ya Télesphore. Bibiane alishuka, akaweka bidon zake katika kivuli, akakaa juu ya ile ya kwanza kama mtu anayelinda. Colombe alikunja suruali, akaingia majini na Télesphore, wakiwa na wavu mdogo na beseni jeupe. Kwaya ikaendelea kuimba. Niliwaona wakiinua jiwe, wakisukuma wavu, wakiinua jingine. Kisha Colombe akasimama wima, maji yakimfika mapajani, akatazama ndani ya beseni kwa muda ambao ulinitia wasiwasi.

Walirudi polepole. Beseni likawekwa chini mbele ya Bibiane. Ndani kulikuwa na visamaki visivyofanana hata kidogo. Mmoja alikuwa wa manjano kama nanasi lililoiva, mwingine wa bluu ya jivu. Mmoja alikuwa na kijani mgongoni, na mwingine hakuwa na rangi ya kutaja. Wa pembeni alikuwa na zambarau kidogo tu begani, kama mtu aliyemwagikiwa divai.

"Hawa si wangu," Bibiane alisema.

"Angalia macho, maman."

Alipiga magoti. Chini ya jicho la kila mmoja, bila kukosa hata mmoja, ulishuka ule mstari mweusi. Chozi.

Alinyoosha kidole lakini hakugusa maji. "Nilisahau," alisema. "Yule wa kwanza hakukuwa na zambarau sana. Ilikuwa kidogo, hapa tu begani. Nilisahau kabisa."

"Nini mumesahau?" Télesphore aliuliza. Hakuelewa kwa nini sote tumekuwa kama watu waliopigwa. "Hii si tusamaki twa mawe? Iko hapa tangu babu. Imepungua, ndiyo, ile vyandarua ilikuwa inamaliza. Lakini iko."

"Mulisema imeisha," nikamwambia. "Redio ilisema mumesema imeisha."

"Nani alisema? Wale batoto ya ONG waliuliza kama Monsenyeri iko. Tukawaambia kweli. Monsenyeri hatujamuona huku tangu ile kipaimara."

Hakuna aliyecheka. Mwenyewe nilihisi nataka kupiga kitu. Jina lililotungwa sebuleni Nyalukemba, kwa samaki aliyegeuzwa na mkono wa mtu mmoja, lilikuwa limepelekwa kisiwani kuulizwa, na kwa sababu hakuna aliyelijua, samaki hai walitangaziwa kifo. Na sisi tulikuwa tumesimama pale na bidon zetu, tayari kuwafanyia mazishi ya kweli.

Colombe alizungumza kwa sauti ndogo. Aliwahesabu kwa macho, alisema, na wa ghubani ni wachache, lakini kila mmoja ana damu yake. Wetu ni wengi. Wakimwagwa humu, watawaoa hawa wachache, na baada ya muda ghuba nzima itakuwa sebule ya Bibiane: mashavu wazi, vibiongo, na ugonjwa wa chumvi ukija, kwisha.

"Kwa hiyo nikimwaga, ninaua," Bibiane alisema.

"Ndiyo, maman."

Bibiane alikuwa bado ameshika mpini wa bidon. Kwaya ilikuwa imenyamaza. Katekista alikuwa amefungua kitabu na anatungoja. Nilijua anachokifikiria, kwa sababu alikuwa amenieleza mara nyingi: kurudisha kitu kimoja, japo kimoja tu, mahali ambapo mama yake aliishi bila watoto wake wawili.

Télesphore, akitaka kutuliza hali, alichutama kando ya beseni. "Hii tusamaki twa mawe, huwezi kutumaliza kwa urahisi," alisema. "Tuna akili. Wakisikia wavu, hawakimbie pamoja. Mama anatema watoto, nusu wanaingia chini ya mawe, nusu wanakimbilia kwenye maji ya kina. Maman Eulalie mwenyewe njo alikuwa anatuonyesha, wakati tulikuwa watoto. Alikuwa anasema wanagawanyika ili moya abakie."

Bibiane aliinua kichwa.

"Umesema nini?"

"Ili moya abakie. Wavu ikichukua hawa, wale wanabakia."

Bibiane aliketi chini, pale pale kwenye changarawe yenye maji, na kitenge chake kipya. Hakulia. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, kama wa mtu aliyeamshwa kwa kuitwa jina lake. Macho yake yalikuwa mbali na ziwa. Nadhani yalikuwa Luvungi, kwenye barabara yenye pande mbili.

"Nilizani alitaka nibakie naye," alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Miaka yote hii. Nilizani alinichagua."

Kisha akaondoa mkono kwenye bidon, akakaza kifuniko chake kwa nguvu za mikono yote miwili.

"Télesphore, hawa hawaingie maji."

"Dada, watu wako hapa tangu asubui. Niwaambie nini?"

"Uwaambie Monsenyeri amekataa kushuka."

Télesphore aliwaambia. Kulikuwa na kelele. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama basi walivaa kwa bure, na sufuria je. Katekista alisema hajawahi kuona baraka inayorudishwa nyumbani ndani ya bidon. Bibiane alisimama mwenyewe, kitenge kikichuruzika maji, akawaonyesha lile beseni jeupe. Aliwaambia wapite mmoja mmoja waangalie, na wajue kwamba kitu walichokuja kukipokea walikuwa nacho siku zote. Walipita. Watu wazima waliokulia kando ya mawe yale waliinama wakatazama chozi chini ya jicho la samaki wao kama wageni. Halafu wakala, maana chakula kilikuwa tayari.

Kabla hatujaondoka, Colombe aliiomba kamati madume wawili wa ghuba, wenye rangi zisizofanana, wakaoe Nyalukemba. Télesphore alikunja mikono kifuani.

"Wanaume ya Idjwi waende kuoa kule, wakae kwa bibi-arusi? Kwa nani mulisikia hiyo?"

"Kwa hitaji, kaka," Bibiane alisema.

"Na familia ya wasichana, ni watu wazuri?"

"Ni watu wazuri. Shida yao ni kwamba wote ni ndugu."

Télesphore alicheka mpaka akajishika ubavu, akaenda mwenyewe kuwachagua. Bidon zile nyingine zilirudi na sisi Bukavu, nzito kama zilivyokuja.

Hayo yalipita. Madume ya Idjwi yalikaa siku nyingi yamejificha nyuma ya bomba la pampu, Bibiane akiyabembeleza kwa majina. Kisha majike yakaanza kufunga midomo. Vitoto vilivyotoka vilikuwa na mashavu yaliyofunikwa vizuri, na rangi ambazo hakuna mteja aliyewahi kuziomba.

Papa Mardochée alifika asubuhi moja na mfuko wake. Saluni yake ilikuwa na kioo kitupu tangu ule ugonjwa.

"Maman, nipe mudomo."

"Mudomo imeisha."

"Si ninaiona pale?"

Bibiane alichukua wavu mdogo. Alitoa kitoto kimoja katika kioo cha kwanza, kimoja katika cha pili, kimoja katika cha tatu, akiendelea hivyo mpaka mwisho wa ukuta. Nilikuwa mlangoni, nikauona mkono wake ukisita kila mara kabla ya kuinua wavu. Mardochée alitazama ndani ya mfuko, akautazama tena.

"Rangi gani hii? Huyu anafanana na kipande ya sabuni. Na ndugu zao wako wapi?"

"Mumoya anaenda Panzi. Mumoya pa dispensaire. Wengine wanabakia hapa."

"Wewe," Mardochée alisema. "Wewe mwenye ulinifanya niuze redio ninunue kioo."

"Ni mimi."

Alifunga mfuko kwa mpira, akaushika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akampa. Mardochée aliuinua kwenye mwanga wa mlango, akausogeza karibu na pua yake.

"Maman, huyu mudogo analia."

"Hapana. Ni alama yao," Bibiane alisema. "Hata ukiwakuta mbali sana, njo utawajua nayo."